Alinyamaza, Wakapiga Vigelegele

"Dullah! Dullah, unakwenda wapi?"

Dullah hakugeuka. Keshaizungusha baiskeli katikati ya barabara, kasimama juu ya pedeli, anakanyaga kama mtu anayefukuzwa na nyuki. Begi linarukaruka mgongoni mwake. Ilham kabaki mwanzoni mwa daraja, mikono imejaa grisi, cheni ya baiskeli yake inaning'inia.

"Dullah! Begi! Pasi yangu imo humo!"

Wapi! Mtu akakata kona penye miti ya lichi, akapotea.

Jamani, hebu fikirini. Muda mfupi tu kabla ya hapo watu hawa wawili walikuwa wanacheka. Asubuhi walipakia baiskeli zao za resi chini ya basi kutoka Guangzhou, wakateremka Conghua, wakaanza kuendesha. Vilima vinapanda, vinashuka, mpunga huku, miti ya lichi kule, matunda mekundu mpaka yanagusa vichwa, na mama mmoja mwenye toroli akawauzia fungu. Ilham mtoto wa Unguja alikuwa anaziita "shokishoki zilizonyolewa," na kila akisema hivyo Dullah anacheka mpaka baiskeli inayumba. Walikwishapita miji miwili ya kale yenye maduka ya baraza na wazee wanaocheza dama. Huu wa tatu ulikuwa mbele yao, ng'ambo ya daraja la mawe, na ilikuwa siku ya gulio. Bata wanalia kwenye matenga, watu wamejaa mpaka barabarani.

Cheni ikachomoka. Dullah akainama aitengeneze, akainua kichwa, akaona askari wawili ng'ambo ya daraja wanasimamisha watu. Akaiachia cheni.

"Subiri hapa," alisema. "Nakuja."

Ndiyo akaenda vile.

Na siku yenyewe! Siku hiyo hiyo, Unguja, wazee wa Dullah, aliyekuwa akifanya biashara Guangzhou, walikuwa wamevuka kutoka Dar na boti kwenda kumposa Ilham kwa baba yake. Baba alikwishamwambia binti: "Alasiri ya huko kwenu nitakupigia, nikuulize mbele ya wazee. Simu usiiachie." Usiku kucha Ilham hakulala. Dullah ndiye aliyemwambia, "Ukikaa chumbani utaugua tumbo bure, twende tukaendeshe, baba atakukuta umepumua." Sia, mwenzake wa chumba, alikuwa aandamane nao ili wasiwe wawili peke yao, akaamka na homa. Wakaenda hivyo hivyo. Baba hajui, na asingekubali.

Askari kijana alivuka daraja akasimama mbele yake.

"Huzhao," alisema. Pasi.

"Ninayo," Ilham alijibu kwa Kichina cha darasani. "Mimi ni mwanafunzi. Lakini iko kwa mwenzangu, kwenye begi."

"Mwenzako yupi?"

Ilham akaonyesha barabara tupu.

"Yule aliyekimbia?"

Ilham akajifuta jasho, grisi ikampaka shavuni.

"Twende," alisema askari.

Aliisukuma ile baiskeli iliyochomoka cheni katikati ya gulio zima, msichana mweusi mwenye hijabu na grisi mpaka kwenye shavu, askari nyuma yake. Wauza mboga waliacha kupima. Mtoto mmoja akamkimbilia mama yake. Ilham alitamani ardhi ipasuke. Kwao hakuna mtu wa ukoo wake aliyewahi kuswagwa na polisi, hata kwa kuvunja kioo cha jirani.

Kituo kilikuwa kijumba cha matofali ya kijivu nyuma ya soko. Ndani kulikuwa na mama mmoja wa makamo, askari mwenye cheo, akamimina maji ya moto kwenye kikombe cha karatasi na kumsogezea.

"Kunywa, binti. Unasoma nini?"

"Udaktari."

"Vizuri. Lakini mwaka huu una Olimpiki, ukaguzi ni mkali. Bila pasi siwezi kukuachia. Isipofika mpaka jioni tutakupeleka mjini, na chuo chako kitaarifiwa."

Chuo kitaarifiwa! Ilham alikuwa anasomeshwa na serikali, na mwanafunzi aliyelazwa polisi akiwa amekwenda shamba na mwanamume, habari yake ingefika ubalozini kabla hajapata maneno ya kujitetea. Kutoka ubalozini mpaka barazani kwao, hapo ni suala la mtu mmoja kupiga simu.

Akampigia Dullah. Simu imezimwa. Akapiga tena. Ile sauti ya kike ya Kichina ikamwambia upya kwamba mteja hapatikani. Akaandika ujumbe:

"Dullah uko wapi? Nimekamatwa. Niletee pasi yangu, nakuomba."

Akampigia Sia.

"Sia, Dullah kanikimbia."

"Kakukimbia vipi? Si mlikuwa mnaendesha baiskeli?"

"Ndiyo! Kakimbia na baiskeli!"

"We Ilham, subiri kwanza. Mmegombana?"

"Hatukugombana! Kaona askari, kakimbia, na pasi yangu iko mgongoni kwake. Mie niko polisi, Sia!"

Upande wa pili kitanda kililia. Mgonjwa kakaa kitako.

"Mwanaume akiona askari akakimbia," alisema Sia taratibu, "ama kaua, ama hana visa."

"Dullah anayo visa. Alinionyesha."

"Lini?"

Ilham akafungua mdomo, akaufunga. "Mwaka jana."

"Mwaka jana! Ilham, wewe unajua visa za mwaka huu zilivyobana. Hebu fikiria. Kila Xiaobei kwa Waafrika wenzetu kukisikika kuna msako, Dullah yuko wapi?"

"Yuko kwenye baiskeli."

"Yuko kwenye baiskeli, milimani. Na sisi tunampigia makofi, mwanamichezo, mwanamichezo! Halafu metro hapandi, anasema inambana kifua. Mungu wangu, kifua gani kile!"

"Usiseme hivyo, Sia."

"Nasema kwa sababu nina hasira. Baba yako anapiga saa ngapi?"

"Saa yoyote sasa."

"Basi usimjibu mpaka umpate Dullah. Unasikia? Usipokee..."

Mlio wa salio ukakata maneno. Vocha imekwisha. Ilham aliitazama ile simu, na simu nayo ikaanza kuita mkononi mwake. Namba ya nyumbani.

Angeiachia? Baba aliyesema "simu usiiachie," na wazee wamekaa mkekani? Akapokea.

"Assalamu alaikum, Ilham."

"Waalaikumu salaam, Baba. Shikamoo."

"Marahaba, mama. Hujambo? Mbona sauti yako hivyo?"

"Sijambo, Baba. Mafua."

"Pole. Sasa sikiliza. Wageni wetu wameshafika, halua imeliwa, kahawa imenyweka. Watu wazuri, nimewapenda. Na mie hapa nina baba zako wadogo na shangazi yako Mwanahija. Nakuuliza mbele yao, kama ilivyo haki yako. Huyu kijana Abdallah ameleta posa. Umeridhika naye?"

Mama askari alikuwa anamtazama. Yule kijana alikuwa anamtazama. Ilham aliufungua mdomo. Aseme hapana? Kwa sababu gani, na yuko wapi anayesema hapana? Aseme ndiyo, kwa mtu aliyemwacha darajani kama mzigo? Machozi yakamtiririka mpaka kidevuni.

"Ilham? Mwanangu, nakuuliza. Umeridhika?"

Sekunde zikapita. Hakuna sauti.

Lahaula! Mnajua tena mambo ya kwetu. Mwari akiulizwa habari ya mume hajibu kwa mdomo. Anainamisha uso, ananyamaza, na kule kunyamaza ndiko kukubali kwake. Asiyetaka ndiye anayesema. Ilham mwenyewe alikulia humo, aliona dada zake wakinyamaza hivyo, na pale kwenye kiti cha polisi hakukumbuka mpaka aliposikia sauti ya Shangazi Mwanahija nyuma ya baba:

"Kanyamaza! Mtoto kanyamaza!"

"Alhamdulillahi," alisema baba, sauti imejaa.

Vigelegele vikapasuka. Ukumbi mzima. Mtu akapiga makofi, mtu akasema "mabruki."

"Baba! Baba, ngoja, sikusema..."

"Haya mama, kapumzike na mafua yako. Mungu akubariki."

Simu ikakatika. Ilham akabonyeza namba ya nyumbani, akabonyeza tena, na kila mara anaambiwa hana salio. Akaiweka simu juu ya goti na kulia kwa sauti, bila haya, mpaka mama askari akainuka kumletea karatasi za kujifutia.

"Habari mbaya nyumbani?" aliuliza mama.

"Nimeposwa," alisema Ilham.

Yule mama akamtazama, akatazama zile karatasi, akampa pakiti nzima.

Hapo ndipo simu ikatetemeka. Ujumbe.

"Ilham nisamehe. Visa yangu iliisha zamani. Nilimpa wakala pasi aniongezee muda akaniweka wiki mpaka wiki, mwisho kanirudishia hivyo hivyo na yeye kahama. Niliogopa kukwambia kabla ya posa. Nilifikiri nitapata njia. Niko kwa yule mama aliyetuuzia lichi. Anashuka sokoni na toroli lake, nampa pasi yako akuletee. Nikija mwenyewe wananirudisha Dar, na hapo ndo basi tena kwangu. Nisamehe."

Ilham alisoma mara nyingi. Kumbe Sia kasema kweli. Kumbe miezi yote hii, zile safari zote za vilima, zile Jumapili anazosimama kileleni akimsubiri na chupa ya maji, mtu alikuwa anajificha. Je, na yeye alikuwa ni pahala pa kujifichia tu?

Akaanza kuandika matusi. Akafuta. Akaanza kuandika dua. Akafuta. Mwisho aliandika maneno machache tu, kwa sababu ndiyo yaliyokuwa ya kweli:

"Baba keshapiga. Wamepiga vigelegele."

Salio la kupiga lilikuwa limekwisha, lakini meseji za bure za ndani ya China zilikuwa zimebaki, akatuma.

Basi akakaa kuutazama mlango. Kila toroli lililopita nje alinyanyuka. Toroli la bata. Toroli la masufuria. Toroli la lichi likapita pia, lakini aliyelisukuma alikuwa mzee wa kiume na wala hakuangalia kituoni. Kivuli kikasogea kutoka mlangoni mpaka kwenye meza. Yule askari kijana akaanza kuuliza funguo za gari. Ilham akajiambia, huyu kesharudi zake Guangzhou, kesharudi kwenye chumba chake mtaa wa Yide Lu, na pasi yangu kaitupa mtoni ili asikutwe nayo. Ukiwa na hofu akili haikuletei jema hata moja.

Breki zikalia nje.

Dullah aliingia shati limegandana na mwili kwa jasho, miguu imejaa vumbi mpaka magotini. Hakumtazama Ilham. Alikwenda moja kwa moja mezani, akafungua begi, akaweka pasi ya kwanza.

"Hii ni yake. Hana kosa lolote."

Akaweka na ya pili juu yake.

"Na hii ni yangu."

Askari kijana alifungua ile ya kwanza, akatikisa kichwa, sawa. Akafungua ya pili. Akageuza kurasa, akarudi nyuma, akageuza tena. Akamwita mama. Mama akavaa miwani.

"Unajua imekwisha?" alimuuliza Dullah.

"Najua."

"Na umekuja mwenyewe?"

"Nimekuja mwenyewe."

Mama akavua miwani. "Wewe binti uko huru. Yeye atasubiri gari la mjini. Mnaweza kukaa hapo."

Wakakaa kwenye benchi moja, kila mtu mwisho wake. Ilham ndiye aliyeanza.

"Kwa nini hukumpa yule mama wa lichi?"

"Nilimpa. Akaitia mfukoni, akaanza kushuka. Halafu nikasoma ujumbe wako. Nikamfuata mbio, nikamwomba anirudishie. Alidhani nimepata wazimu."

"Na kweli umepata. Ungeokoka."

"Kaka yangu naye kanipigia, Ilham. Anacheka, ananipongeza. Ananambia, bibi harusi kaulizwa, kanyamaza, karidhika. Watu wanakunywa kahawa kwa ajili yangu, na mie nimejificha nyuma ya matenga ya lichi. Nikaona nikimtuma yule mama sitakuwa mume wa mtu tena. Si wako tu, wa mtu yeyote."

"Mimi sikuridhika, Dullah."

Dullah akageuka.

"Nilinyamaza," alisema Ilham, "kwa sababu sauti haikutoka. Nilikuwa nimekaa kiti kile pale, askari wananitazama, sijui umekufa au uko hai, sijui nina mchumba au nina mwizi wa pasi. Ningesema nini? Wamepigia vigelegele kilio changu!"

"Wallahi sikujua itakuwa hivyo. Nilijisemea wewe una pasi halali, hawatakufanya kitu. Nilisahau iko mgongoni kwangu."

"Ukakumbuka lini?"

Dullah akatazama mikono yake.

"Nambie. Ukakumbuka lini?"

"Kwenye kona. Ulipopiga kelele."

"Ukaendelea kukanyaga?"

"Nikaendelea."

Hapo Ilham akaziba uso kwa viganja. Maumivu mengine bora ungedanganywa. Dullah alikuwa analia waziwazi, mtu mzima, mabega yanapanda na kushuka, na yule askari kijana akajifanya anasoma tangazo ukutani.

"Nakupenda, Ilham. Najua halina maana sasa hivi, lakini nakupenda. Niliona nikikwambia sina visa, utasema huyu anataka kunioa apate njia ya kukaa."

"Nisingesema."

"Baba yako angesema."

Ilham akajifuta, akanyoosha mkono.

"Nipe simu yako. Yangu haina salio."

"Unampigia nani?"

"Nipe."

Dullah akampa. Alijua vizuri anapigiwa nani, na alimpa. Simu ikaita, ikaita, ikapokelewa. Nyuma bado kunasikika watu wanacheka.

"Baba, ni Ilham."

"Mama! Mbona namba ngeni? Wageni ndo wanavaa viatu, nikupe uwasalimie?"

"Baba, niliponyamaza, si kwamba niliridhika."

Kicheko cha kule kikawa kama kimefungiwa mlango. Baba alikuwa amejitenga.

"Unasema nini?"

"Nasema sikuridhika. Sikuweza kusema. Nisamehe, Baba."

"Ilham! Watu wamekula halua yangu! Mabruki zimekwenda mpaka Dar! Unataka niwavue viatu niwaambie nini?"

"Sijasema simtaki. Waambie bado."

"Bado ni nini? Kakufanya nini huyo kijana?"

Ilham akamtazama Dullah. Dullah alikuwa amefumba macho kama mtu anayesubiri sindano.

"Atakuja kukwambia mwenyewe, Baba. Mie sisemi. Akija akakwambia, uniulize tena. Asipokuja, usiniulize maisha."

Baba alishusha pumzi ndefu, ya mtu aliyezeeka ghafla.

"Umenitia aibu leo," alisema, na akakata.

Ilham akamrudishia Dullah simu.

"Umesikia," alisema. "Watakurudisha nyumbani. Ukifika, uvuke Unguja, uende kwa baba yangu, peke yako, bila wazee. Umwambie."

"Nimwambie nini?"

"Unayajua."

Gari likaja. Mama askari hakumtia Dullah pingu, alimshika tu kiwiko. Mlangoni Dullah akageuka, akataka kusema neno, Ilham akatikisa kichwa asiseme. Baadaye yule askari kijana ndiye aliyemrudishia cheni mahala pake, na Ilham akaendesha peke yake mpaka kituo cha basi cha Conghua, vilima vile vile, mipunga ile ile, na hakuona kitu kwa machozi.

Halafu zikaja wiki za kusubiri, na kusubiri ndiko kulikommaliza.

Dullah aliwekwa kizuizini, kisha akapandishwa ndege. Hayo Ilham aliyajua kwa Sia, aliyeyajua kwa watu wa Xiaobei. Namba yake ya China ilikufa. Namba ya Dar hakuna aliyekuwa nayo. Baba akipigiwa anauliza masomo, anauliza afya, anakata. Shangazi Mwanahija ndiye alikuwa na maneno.

"Umetufanya kichekesho mtaani," alisema siku moja. "Kaka yake kaja kuuliza bado hiyo ya nini. Baba yako kasema tu, binti yangu kasema bado, basi. Lakini usiku halali usingizi, Ilham. Na huyo mtu wako hata salamu."

"Hajafika bado, Shangazi."

"Kafika siku nyingi! Kaonwa Kariakoo. Watu wanasema anatafuta pasi nyingine aende Dubai."

Usiku ule Ilham alimweleza Sia.

"Asipokwenda kwa baba?" aliuliza Sia.

"Basi nimejua."

"Umejua nini?"

"Kwamba tangu akate kona ile hajarudi."

"Lakini alirudi, Ilham. Sote tunajua alirudi."

"Alirudi kwa sababu ya vigelegele. Sasa hakuna vigelegele. Nataka nimwone."

Sia mwenyewe, kwa ukali wake wote, alikuwa amekwishaanza kumwombea Dullah kanisani, ila hakusema.

Jumapili walikuwa wanaendesha, wawili tu. Ilham hakutaka kukaa chumbani. Aliweka simu kwenye mfuko wa mbele, na kila wakipanda kilima anaigusa. Lichi zilikuwa zimekwisha mitini, mpunga umeanza kuwa njano. Walikuwa nusu ya mteremko simu ilipoita, na Ilham alishika breki zote mbili mpaka tairi la nyuma likateleza.

"Ilham!" Sia alipiga kelele. "Unataka kufa?"

Namba ya nyumbani. Akapokea amesimama, baiskeli katikati ya miguu.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Kijana wako yupo hapa."

"Kijana gani?"

"Kwani unao wangapi?"

Ilham akaisogeza baiskeli pembeni ya barabara. "Kaja na nani?"

"Peke yake. Nilimuuliza wazee wako wako wapi, kasema leo hakuja kuposa, kaja kusema. Kwanza kaja Ijumaa, akafika mpaka mlangoni, akarudi. Shangazi yako alimwona dirishani. Leo ndo kabisha hodi."

"Kasema nini, Baba?"

"Kasema visa yake iliisha akakuficha. Kasema wamemrudisha, biashara imekufa, hana kitu. Nikamwambia, hayo kwa kijana si ya ajabu, mtu anaanza tena." Baba akakohoa. "Halafu kasema jingine. Kasema mlikuwa shamba huko kwa baiskeli, wawili peke yenu, nikaanza kutafuta bakora. Kasema ulikuwa darajani, wakaja askari, akakukimbia na pasi yako mgongoni. Kasema ulimwita akasikia, na hakugeuka."

Ilham akaibana simu sikioni.

"Hayo hukunambia," alisema baba.

"Sikukwambia."

"Nisingejua maisha. Angeweza kuishia kwenye visa, akanyamaza, nikampa mke."

"Angeweza."

"Ndo ulichokuwa unakingoja?"

"Ndiyo, Baba."

Nyuma, Shangazi Mwanahija alisikika akinong'ona kwa sauti ya kusikika nyumba nzima: "Muulize tu, Msabaha, utatuua!"

"Bakora umeifanyia nini, Baba?" aliuliza Ilham, anacheka na machozi yanamtoka.

"Nimeiegesha. Nimemwambia anywe chai. Hainywi, ameishika tu, mikono inamtetemeka mpaka kisahani kinalia. Sasa sikiliza, mama. Nilikuuliza vibaya siku ile, nikakimbilia kukata simu. Leo nakuuliza na mie nimekaa. Ukitaka kufikiri, fikiri. Ukitaka kukataa, kataa, nitamtoa mwenyewe mpaka bandarini na aibu ni yangu. Umeridhika naye?"

Sia alikuwa ameshateremka kwenye baiskeli, anamtazama kwa macho makubwa, haelewi Kiunguja chote lakini hili kaelewa.

"Nimeridhika, Baba."

"Eh?"

"Nimeridhika!"

"Polepole, mtoto wa kike! Shangazi yako anasikia."

"Mwache asikie. Nimeridhika naye, Baba. Ila ajifunze kusubiri, mie namaliza shule kwanza."

Kule hakuna aliyepiga kigelegele. Alisikika Mwanahija tu akianza kulia kwa kwikwi, na baba akisema, "Haya, haya, mwacheni kijana naye azungumze." Simu ikapita mikononi. Mtu akavuta pumzi karibu na sikio lake, na kisahani kile kweli kilikuwa kinalia.

"Ilham?" Sauti ya Dullah ilikuwa imekauka. "Nimemwambia yote."

"Nimesikia."

"Ijumaa nilishindwa. Nilifika mlangoni nikashindwa."

"Nimesikia na hilo."

"Sijui niseme nini tena."

"Usiseme," alisema Ilham. "Kunywa chai, Dullah. Inapoa."